Mpira wa Mkojo Ukiziba Kila Mara, Ulizia Jiwe

Mpira wa mkojo ukishatolewa, wengi huutupa haraka kwenye ndoo ya taka bila kuutazama. Mimi humwomba nesi aniwekee wangu kwanza kwenye trei. Natazama ncha, natazama yale matundu mawili yanayopitisha mkojo, natazama puto lililokuwa likiushikilia ndani ya kibofu. Ncha ikiwa safi, namshukuru Mungu na siku inaendelea. Ikiwa na unga mweupe unaokwaruza chini ya glavu, najua mwezi huo nina kazi. Puto likiwa limevaa ganda gumu, jembamba, lililomeguka pembeni, siondoki kliniki kabla sijauliza: vipande vilivyomeguka vimekwenda wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu vipande hivyo vikibaki kibofuni havikai bure. Kila kimoja ni mbegu ya jiwe. Na hapa Dar es Salaam nakutana na watu wengi, wazee wanaosubiri upasuaji wa tezi dume, vijana wa bodaboda waliovunjika mgongo, ambao mpira wao unaziba, unabadilishwa, unaziba tena, wanameza dawa, unaziba tena, na hakuna aliyewaambia kwamba mpira unaoziba namna hiyo huenda unaonyesha kuna jiwe.

Mimi natumia kitimwendo. Ajali ya gari ilinivunja uti wa mgongo sehemu ya juu, pingili ya nne ya kifua. Mikono yangu ni mizima na bado nashona nguo hapa Temeke. Pedali ya cherehani tumeipandisha juu ya meza, naikandamiza kwa kiwiko. Chini ya kifua sisikii wala sitikisiki, na kibofu hakijimwagi chenyewe. Nilipokuwa wodini nilifundishwa kujitoa mkojo kwa mrija mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6, unaingiza, unamwaga, unatoa. Anayeweza njia hiyo aishike, kwa sababu kitu kisichokaa ndani hakipati muda wa kuota ukoko. Kwangu ilishindikana. Mwanamke aliyekaa kwenye kitimwendo anahitaji kulala, anahitaji kioo, anahitaji faragha, na mimi kutwa niko kwenye kibanda cha ushonaji chenye pazia badala ya mlango, mteja mmoja akitoka mwingine anaingia. Katikati ya vipindi mkojo ulivuja, ngozi ikaanza kuchubuka. Tukakubaliana na daktari mpira ukae moja kwa moja.

Mchanga ulianza kuonekana taratibu. Kwanza mkojo ulipoteza uangavu, halafu nikaona chembe nyeupe zimejipanga chini kwenye mrija wa mfuko, halafu ikaja harufu kali ya amonia, ile inayochoma pua ukifungua mfuko. Mama, ambaye ndiye ninayeishi naye, aliutazama ule mchanga akauona ni ndugu wa ukoko mweupe ulioko ndani ya birika letu la chai. Ukiviweka pamoja, kweli vinafanana.

"Mwanangu, ni haya maji ya kisima," alisema. "Yana chumvi. Yanakujaza mawe."

"Mama, na ninyi mnaokunywa maji hayahaya mbona hamna mchanga?"

Hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Tukaanza kununua maji ya madumu kwa ajili yangu peke yangu. Mchanga ukabaki palepale. Majirani nao wakaleta orodha zao: usile mchicha, usile nyanya, acha maziwa, acha dagaa. Sehemu ya ushauri huo ina asili yake kwenye mawe ya namna nyingine, yale ya figo ambayo mchicha unaweza kuyachangia kwa baadhi ya watu. Mawe ya mtu mwenye mpira kwa kawaida hayatoki kwenye sahani wala kwenye kisima.

Yanatoka kwa bakteria. Mkojo wa kawaida una ukali kidogo, pH yake, kipimo cha ukali ambacho hupanda ukali ukipungua, huwa karibu na 6. Mpira ukikaa mwilini, bakteria wanapanda nao. Kwa kila siku moja uwezekano wa kuwapata ni asilimia 3 hadi 7, kwa hiyo mtu akifikisha mwezi karibu hakuna anayewakosa. Wengi wao hawahusiki na mchanga. Anayehusika zaidi anaitwa Proteus mirabilis. Ana kimeng'enya kinachovunja yurea, ambayo ni taka ya kawaida iliyomo kwenye mkojo wa kila mtu, na kuigeuza amonia. Amonia inaondoa ule ukali. pH inapanda, inapita 7, inaweza kufika 8 na kuendelea. Kalsiamu, magnesiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka kimya kimya kwenye mkojo zinashindwa kubaki zimeyeyuka, zinaganda na kuwa chembe. Wakati huohuo bakteria wanajijengea utando wa utelezi juu ya mpira, ndani na nje, na chembe zinanasa kwenye utando huo, safu juu ya safu, mpaka tundu linafungwa. Inakadiriwa karibu nusu ya watu wanaoishi na mpira kwa muda mrefu wanapata tatizo hili la kuota ukoko na kuziba. Wengine wanakaa miaka hawajui hata ninachozungumzia. Si kwamba wao ni wasafi kuliko sisi. Bakteria waliowapata ni wengine.

Kwa sisi tuliovunjika mgongo kuna nyongeza. Mifupa isiyobeba mwili inapoteza kalsiamu, hasa miezi ya mwanzo baada ya ajali, na kalsiamu hiyo hutokea kwenye mkojo. Hapo watu husema basi acha maziwa. Daktari wangu alikataa: mifupa inayodhoofika haihitaji kunyimwa chakula chake.

Sasa nije kwenye kipindi kilichoniumiza zaidi. Mpira ulipoanza kuziba kila mara nilikwenda kwenye zahanati za karibu, na kila nilipokwenda niliambiwa nina UTI sugu. Kila mkazi wa jiji hili amewahi kuambiwa ana UTI sugu. Mkojo unachukuliwa kutoka kwenye mfuko, unapelekwa maabara, wadudu wanaonekana, naandikiwa siprofloksasini. Mara nyingine, sindano za seftriaksoni. Mara nyingine, vyote viwili. Mkojo unang'aa kidogo kisha mchanga unarudi. Hakuna aliyeuliza kama nina homa. Hakuna aliyeutazama mpira.

Leo nayajua mambo ambayo ningependa kila mwenye mpira ayajue kabla hajachomwa sindano nyingine. Mkojo wa mtu mwenye mpira wa siku nyingi, ukipimwa, karibu kila mara utaonyesha wadudu, na hilo peke yake si ugonjwa wa kutibiwa. Mkojo wenye ukungu au harufu peke yake pia si sababu ya dawa. Dawa inahitajika mwili unapolalamika: homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu kwa anayesikia, misuli kukakamaa kuliko kawaida, jasho lisiloeleweka, uchovu wa ghafla, mzee kuanza kuchanganyikiwa. Na hapo mpira wa zamani ubadilishwe kwanza, mkojo wa kuotesha maabara, yaani kuwakuza wadudu ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaua, utoke kwenye mpira mpya, kamwe si kwenye mfuko, kwa sababu kilichokaa kwenye mfuko ni mkojo uliochacha. Wadudu walio ndani ya utando, na zaidi wale walio ndani ya jiwe, dawa haiwafikii vizuri. Unaua walio nje, walio ndani wanatoka upya, na kila mzunguko unawapa nafasi ya kuizoea dawa. Siku utakapougua kweli, dawa iliyokuwa ikusaidie imeshachoka. Mimi nilifikia hali ambayo majibu ya kuotesha mkojo yalionyesha dawa nyingi za vidonge hazifanyi kazi tena kwangu, na hilo bado linanitia hofu.

Aliyebadilisha mambo ni nesi mmoja mtu mzima kwenye kliniki ya hospitali. Niliingia mpira umeziba, nimelowa, mdogo wangu anasukuma kiti. Hakuniandikia kitu. Aliniketisha vizuri, akautoa mpira polepole, akachukua mkasi akaupasua kwa urefu, akanionyesha.

"Mwanangu, huu uliwekwa lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Na ule wa kabla yake?"

"Nao uliziba."

"Hebu ona, ukoko huu si wa wiki moja. Kuna kitu humo ndani kinautengeneza kila mara upya. Umeshapigwa altrasaundi?"

"Nilipigwa. Hawakuona kitu."

"Kibofu kilikuwa kimejaa au kitupu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, na waliopiga picha hawakuliuliza. Mtu mwenye mpira ulio wazi kibofu chake hakina mkojo, kimesinyaa, na jiwe lililofichwa kwenye mikunjo ya kibofu kitupu ni rahisi kulikosa. Picha nzuri inataka mrija ufungwe kwa muda ili kibofu kijae. Kwa mtu aliyevunjika juu kama mimi jambo hilo lifanyike mbele ya muuguzi anayejua, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Eksirei nayo haitoshi kumtoa mtu wasiwasi. Mawe haya ya bakteria mengine hayaonekani wazi, hasa yakiwa madogo. Kinachomaliza ubishi ni kamera inayoingizwa kibofuni, au sitiskani (CT scan).

Tulirudia altrasaundi kibofu kikiwa na mkojo. Jiwe lilikuwepo, sentimita 2 hivi, na pembeni yake vipande vidogo. Nililia pale kitandani, na haikuwa kwa huzuni. Miezi yote ile ya dawa ilikuwa imepata maelezo.

Jiwe kama hilo halitoki kwa kunywa maji, wala halitoki kwa zile chupa za mizizi zinazouzwa stendi kwa jina la kusafisha figo. Linatolewa na daktari wa mfumo wa mkojo. Dogo na la kati husagwa kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo pamoja na kamera, kisha vipande vinaoshwa na kunyonywa nje. Kubwa sana huenda likahitaji kupasuliwa chini ya kitovu. Kabla ya siku hiyo mkojo wangu ulichukuliwa kwenye mpira mpya, ukaoteshwa maabara, wadudu wakaonekana, na dawa ikachaguliwa kwa majibu hayo. Hapo dawa ilikuwa na kazi yake, kwa sababu kusaga jiwe ni kuwafungulia wadudu waliokuwa wamejificha ndani yake.

Nilimuuliza daktari wa usingizi kwa nini anichome ganzi ya mgongoni wakati sehemu hiyo sisikii kabisa. Akaniambia, "Dada, wewe husikii, lakini mwili wako unasikia. Kibofu kikiguswa presha yako inaweza kuruka nikiwa nimekaa tu naitazama." Nawaambia wenzangu waliovunjika kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake: yeyote akikwambia utafanyiwa kibofuni bila ganzi kwa kuwa husikii, mwombe aongee kwanza na daktari wa usingizi.

Baada ya jiwe kutoka, mpira uliokuwa unaziba ndani ya siku chache ulianza kudumu wiki kadhaa. Proteus hakuhama, bado yuko, kwa hiyo ninachofanya sasa ni kumpunguzia nafasi.

Kikubwa ni maji, na joto la jiji hili halisaidii. Januari na Februari unakaa kibandani chini ya bati, jasho linatoka kutwa, mkojo unakuwa mzito na wa rangi ya chai. Mkojo mzito una chumvi nyingi zaidi za kuganda na unapita polepole. Mimi sihesabu glasi, natazama rangi kwenye mrija. Nataka iwe nyepesi asubuhi, mchana na jioni. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala figo tunaambiwa kati ya lita 2 na 3 kwa siku, zaidi kidogo wakati wa joto, na mwenye magonjwa hayo amuulize daktari wake kwanza. Yagawanywe. Kunywa lita nzima saa moja usiku kwa kuwa mchana ulisahau hakufidii chochote, maana ukoko umeshapata mchana mzima wa kujenga. Na glasi moja kabla ya kulala ni muhimu, kwa sababu usiku ndipo mkojo unapolala kwenye mrija.

Halafu ndimu. Wengi hufikiri kazi yake ni kuutia mkojo ukali. Sivyo, bakteria anayetengeneza amonia mchana kutwa hashindwi na ukali wa ndimu. Ndani ya ndimu na limau kuna sitreti, na sitreti ikiwa nyingi kwenye mkojo inazishika zile kalsiamu na magnesiamu, zinachelewa kuganda. pH inabidi ipande juu zaidi ndipo chembe zitokee. David Stickler wa Chuo Kikuu cha Cardiff, aliyechunguza Proteus na mipira ya mkojo kwa miaka mingi, yeye na wenzake walionyesha kwamba kunywa maji mengi pamoja na kuongeza sitreti kunachelewesha ukoko. Mimi hununua ndimu kwa fungu soko la Tandika, nakamua kwenye maji ya kunywa mara kadhaa kwa siku, bila sukari. Haiyeyushi jiwe lililokwishakuwa. Na tafadhali sana: ndimu ni ya kunywa. Nimekutana na mtu aliyeshauriwa aiingize kwenye mpira kwa sirinji, na wengine siki. Usikubali. Yapo maji maalumu ya hospitali yenye asidi ya sitriki ya kuoshea mpira, yaliyopimwa na kutakaswa, na hayo ni ya kuamuliwa na daktari.

Hata kuosha kibofu kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, si jambo la mazoea. Kila unapoachanisha mpira na mfuko unafungua mlango. Kunasaidia kuondoa vipande vilivyojaa, hakuthibitishwa kuzuia ukoko, na jiwe hakuligusi. Ninapolazimika, mikono inaoshwa kwa sabuni, sirinji ni ile kubwa ya mililita 50 yenye mdomo mpana na ni mpya, maji yanaingia polepole kisha yanaachwa yatoke yenyewe. Yakigoma kuingia, hayasukumwi kwa nguvu. Mpira uliogoma unabadilishwa.

Mpira wenyewe una maneno yake. Ule wa rangi ya njano au kahawia usiopenya mwanga ni wa lateksi, mwingi umepakwa silikoni juu. Ule mweupe unaoona ndani yake ni silikoni tupu. Soma pakiti, kwa sababu kupakwa silikoni na kuwa silikoni asilimia 100 ni vitu viwili tofauti kwenye bei na kwenye kazi. Kwa unene uleule wa nje, silikoni tupu ina tundu pana zaidi ndani, kwa hiyo inachelewa kufungwa. Inaota ukoko kama mingine, asikudanganye muuzaji, ila inakupa siku za ziada, na hukubaliwa kukaa mpaka wiki 12 kwa asiyeziba. Anayeziba asiisubiri tarehe hiyo. Namba iliyoandikwa ni ya unene: gawanya kwa 3 upate milimita, kwa hiyo namba 16 ina milimita 5 na kidogo. Rangi ya mdomo wake inakusaidia kujua upesi, kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Watu wakiziba hukimbilia namba kubwa na puto la mililita 30. Mpira mnene na puto kubwa vinakichokoza kibofu, kinabana, mkojo unapita pembeni, na kwa sisi wanawake njia inapanuka mpaka mpira unaanza kutoka wenyewe. Puto la mililita 10 linatosha watu wengi, na lijazwe maji safi yaliyotakaswa, si maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi ikiganda kwenye kimfereji cha puto siku ya kulipunguza halipungui.

Kuhusu siku ya kubadilisha, nesi yule alinifundisha kuandika. Nina daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho ni wa mpira: uliwekwa lini, ulitoka lini, ulitoka kwa kuziba au kwa ratiba, ncha ilikuwaje. Mipira mitatu mfululizo inatosha kukuonyesha mwenendo wako. Ukiona inaziba ikikaribia wiki ya nne, panga kubadilisha wiki ya tatu, ratiba ya hospitali iwe inasema mwezi au isiseme. Hii ndiyo hoja niliyobishana nayo zaidi kwenye madirisha ya kliniki, na ukurasa ule umenisaidia kuliko maneno yangu. Siku hizi mhudumu akiona tarehe zimeandikwa anabadilisha kauli.

Kuna mengine madogo. Mfuko ukae chini ya kibofu na usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili, mrija ufungwe pajani usivutwe na gurudumu. Choo kigumu kinabana mpira kwa nyuma na kuuzuia mkojo, kwa hiyo papai na mboga zina nafasi yake hapa pia. Na mfuko ukigeuka zambarau usiogope kupita kiasi, mara nyingi hutokea kwa mwenye choo kigumu ambaye mkojo wake una bakteria wa aina fulani; mwambie nesi wako ukienda.

Sasa ile sababu niliyosema nitaieleza. Kwa aliyevunjika kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, mpira kuziba si usumbufu wa kulowa tu. Kibofu kinajaa, mwili unapeleka taarifa ambazo ubongo haupati kuzizuia, na presha inapanda ghafla. Kwangu huanza na kichwa kugonga, uso kuwaka, jasho shingoni, vinyweleo kusimama. Presha hiyo inaweza kuleta kiharusi. Mdogo wangu anajua la kufanya: ananiketisha wima, anashusha miguu, analegeza nguo na mkanda wa mfuko, anafuata mrija kwa vidole kutoka pajani mpaka kwenye mfuko akitafuta ulipojikunja au ulipobanwa na gurudumu. Mkojo usipoteremka, mpira unabadilishwa hapohapo, na kama hakuna wa kubadilisha nyumbani tunaita bajaji, hatusubiri foleni ya Barabara ya Kilwa ipungue. Ndiyo maana mkoba wangu haukosi mpira wa akiba, sirinji, glavu na maji ya puto. Haukosi pia karatasi yenye maelezo, kwa sababu presha yangu ya kawaida ni 90 au 100 juu. Nesi asiyenijua akisoma 140 atasema ni ya kawaida kwa mtu mwenye wasiwasi. Kwangu mimi 140 ni hatari, na karatasi inamweleza hivyo nikiwa siwezi kuongea vizuri.

Gharama sitaifunika. Silikoni tupu ni mara kadhaa ya bei ya ule wa njano, na si kila famasi ya mtaani inayo. Nyingi nimezipata Kariakoo. Waliofika kwenye hospitali za umma bila uwezo waulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa ya upasuaji. Wengi hurudi nyumbani na jiwe lao kwa kuwa hakuna aliyewaelekeza mlango huo. Na ukihesabu dawa, sindano, bajaji na siku za kazi zilizopotea kwa mpira unaoziba, altrasaundi moja iliyopigwa vizuri ni nafuu.

Damu kwenye mkojo isipewe jina la mchanga bila kupimwa. Mpira unaotoka na ukoko unakwaruza na damu kidogo hutokea, lakini damu inayorudi inataka kamera, kwa sababu kibofu kilichoishi na mpira na mawe miaka mingi kina hatari zaidi ya saratani, na nchi yetu ina kichocho, ambacho nacho huleta damu na saratani hiyo hiyo. Mwenye asili ya maeneo ya kichocho aseme hivyo kwa daktari.

Mwaka huu nimeomba altrasaundi ionyeshe figo pamoja na kibofu, na kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya figo. Proteus hana sababu ya kuishia chini. Akipanda anaweza kujenga jiwe linalojaza figo, na mtu asiyesikia maumivu ya kiuno hatajua. Nitakwenda na majibu yote kwenye faili moja, la karibuni juu, pamoja na ule ukurasa wa daftari, ili daktari yeyote nitakayemkuta zamu aanzie pale tulipofika.